Pampu Iliyobaki Bila Manjano

Maragatham alikuwa mwoga, na wala hakuona haya kusema. Wenzake kazini walimwita Mama Pua, kwa sababu kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, kabla hajaweka chini chombo chake cha chakula, alipanda kwanza ngazi ya tangi kubwa akanusa. Akikuta harufu ya udongo uliolowa mvua, anashuka, anawasalimu watu vizuri, anauliza habari za watoto. Akikuta kitu kingine, siku hiyo hakuna wa kumtania.

Nyumba kumi na nane za kutia rangi fulana zilileta maji yao machafu kwa bomba moja pale kwenye mtambo wa kuyasafisha. Leo mekundu, kesho meusi, ya moto, yamejaa chumvi na sabuni. Zamani yote hayo yalimwagwa mtoni, mpaka wakulima wa minazi kule chini wakaushtaki mji mzima wa Tiruppur, na mahakama ikafunga kila sufuria ya rangi. Zilipofunguliwa tena, sharti likawa moja tu: tone lisitoke. Basi maji yanapitishwa kwenye tangi la vijidudu vinavyokula uchafu, yanachujwa, yanakamuliwa chumvi, chumvi inarudi viwandani kwenye magunia na maji yanarudi kwa bomba kutia rangi tena. Vijidudu hivyo ndivyo Maragatham alivyovilea miaka kumi na mmoja. Vinataka kula na vinataka hewa, mchana na usiku. Ukivinyima hewa vinakufa, tope linaoza, na tope likioza linatoa harufu ya yai viza.

Harufu hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta kila asubuhi huku anaomba asiipate. Ilimuulia mume.

Sennimalai aliingia kuzibua shimo la tope la nyumba moja ya rangi, miaka kumi na minne iliyopita, wakati ambapo hapakuwa na mtambo wala sheria ya maana. Maragatham alikuwa amempelekea chakula cha mchana. Alimkuta ndiyo kwanza ameanguka mle ndani, amelala kifudifudi, na akapiga kelele. Mtu akiona mumewe vile atafanya nini? Alipiga kelele, "Mfuateni! Mnatazama nini? Mmoja wenu amfuate!" Akamshika mtu wa kwanza aliyekuwa karibu akamsukuma kifuani. Alikuwa Chellappan, jirani yake, mume wa Rukmani. Chellappan akashuka, hakupanda. Akashuka wa pili, kibarua kutoka kaskazini ambaye Maragatham hakuwahi kulijua jina lake mpaka leo. Naye hakupanda. Walitolewa watatu kwa pamoja jioni, na daktari akaeleza kwamba hewa ile huua pua kwanza. Unanusa, unanusa, halafu hunusi tena, unadhani imekwisha. Hapo una muda wa kuhesabu vidole vya mkono mmoja.

Rukmani alibaki mjane na mtoto wa kiume wa miaka minane, Elango. Maragatham alibaki na wake wa miaka kumi, Kathirvel. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja. Walikopeshana mchele, walilea wale watoto kama mapacha, na mtambo ulipofunguliwa wakaomba kazi siku ile ile, mmoja kwenye tangi, mwenzake kwenye ufagio. Miaka yote hiyo Maragatham hakuwahi kumwambia Rukmani ni nani aliyemsukuma mumewe. Kila alipofungua mdomo, woga uliufunga.

Sasa ikaja sikukuu ya zana.

Kwetu siku hiyo kila chombo kinachomlisha mtu kinapumzika. Fundi cherehani hagusi sindano, dereva anaosha gari analifunga taji la maua, mwanafunzi anaweka vitabu vyake mbele ya mungu asivifungue. Kila mashine inaoshwa, inapakwa manjano na liwa, inawekwa doa la unga mwekundu usoni, inavunjiwa boga la kuondoa kijicho. Hakuna anayewasha kitu mpaka ibada iishe. Ni siku nzuri na watu wanaipenda, na mimi simlaumu mtu kwa kuipenda. Ila shida ya mtambo ule ni kwamba una mashine moja isiyopaswa kupumzika, nayo ni ile inayopuliza hewa kwenye tangi.

Miaka mingine waliipaka manjano huku inanguruma, mambo yakaisha. Mwaka huo alikuwapo meneja mpya, bwana Nachimuthu, mtu mwema, mcha Mungu, mwenye kuchukia kulipua kazi yoyote. Jioni ya kuamkia sikukuu alizima kila kitu mwenyewe, swichi baada ya swichi, akiwa ametoka kuoga.

Maragatham aliposikia kimya alikimbia ofisini na kandambili moja.

"Bwana, hewa. Umezima hewa."

"Mama, hata mtumishi wa nyumbani anapewa siku yake. Hii imetufanyia kazi mwaka mzima bila kulala."

"Haiwezi kulala hiyo, bwana. Vile ndani vinapumua."

"Viwanda vimefungwa, maji machafu hayaji. Vikae na njaa siku moja, vitakufa?" Akacheka kwa upole. "Hata mimi nafunga."

Maragatham akarudi nyuma ya tangi akakaa chini. Hakuwa amemweleza meneja kila kitu. Mchana ule, kwa desturi yake ya kila sikukuu, alikuwa amevikorogea vijidudu vyake ndoo nne za sukari guru ili visishinde njaa viwanda vikifungwa. Sukari yote ile, na hewa hakuna. Ni yeye aliyeyaandalia yale matope karamu ya kuozea. Aliogopa kurudi kusema, kwa kuwa angeulizwa nani alimruhusu sukari. Akajiambia ni siku moja tu. Nani atakayekwenda karibu na shimo linakoshukia tope la tangi siku ya sikukuu?

Asubuhi hakuhitaji kupanda ngazi. Aliipata getini, chini ya migomba iliyofungwa nguzoni, katikati ya ubani na maua: yai viza. Hafifu, lakini ndiyo yenyewe.

"Unasikia harufu?" akamuuliza Rukmani, aliyekuwa anafagia ua.

"Nasikia njaa, dada. Wamesema pilau tamu inagawiwa saa sita."

Ibada ilianza saa nne na nusu. Wajane hawasimami mbele, kwa hiyo Maragatham na Rukmani walikuwa nyuma, karibu na magunia ya chumvi, mapaji ya nyuso zao matupu, bila doa jekundu. Kuhani akapita mashine moja baada ya nyingine, na Kathirvel nyuma yake na sinia la shaba. Kathirvel alikuwa fundi wa mitambo, ana miaka ishirini na minne, anajipenda, nywele kazilaza kwa mafuta, shati jipya lenye alama za kukunjwa bado. Elango, anayepakia chumvi, alikuwa anabeba maboga. Waliendelea vizuri mpaka meneja akasimama kwenye mfuniko wa chuma wa shimo la tope.

"Na ya humu?"

Watu wakatazamana. Chini ya shimo lile, futi kumi na mbili, mlikuwa na pampu ya kuvuta tope. Mwaka uliopita ilirukwa, hakuna aliyeipaka chochote, na tangu hapo ilikuwa imeungua mara tatu. Kila mtu mtamboni alijua kwa nini imeungua: ilinyimwa manjano yake. Hata mafundi. Hata Kathirvel, aliyeifunga nyaya upya mara zote tatu na kuona kwa macho yake kwamba ni maji yaliyoingia.

"Ivuteni juu," akasema meneja.

"Mnyororo umeshika kutu, bwana," akasema Kathirvel. "Lakini shimo limenyonywa jana, tope ni la magotini. Nashuka mara moja, naipaka, napanda. Dakika mbili."

Maragatham hakukumbuka alivyopita katikati ya wanaume. Alijikuta yuko mbele, mjane, saa ya ibada, mbele ya kuhani, amemshika mwanawe mkono.

"Hushuki."

"Mama, watu wanatazama."

"Watazame. Hushuki humo."

"Mama Pua ameanza," mtu akasema, na wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Mama, nimeshashuka humu mara ngapi? Mara kumi?"

"Hewa ikiwa inapulizwa. Imezimwa toka jana. Nusa, mwanangu. Nusa mwenyewe."

Kathirvel akanusa. "Inanuka. Ni shimo la tope, linuke marashi?"

Wakacheka tena. Maragatham akamgeukia meneja, na hapo ndipo alipopaswa kusema habari ya sukari guru. Alifungua mdomo. Wanaume thelathini wakimtazama, kuhani amekunja uso kwa sababu ya mjane kusogelea sinia, meneja akimsubiri kwa adabu kabisa. Akasema, "Basi afungwe kamba."

Woga wake wote ulitoa neno hilo tu. Baadaye alijilaani kwa kusema kidogo vile, ingawa lilikuwa ndilo neno bora alilowahi kulisema.

Alimfunga mwenyewe, kamba ya magunia, chini ya makwapa, mafundo mawili. Fundo la kwanza akalifungua akalirudia.

"Kama ndama wa mnadani," Elango akamtania mwenzake. "Tukuuze bei gani?"

"Nyamaza wewe. Shika kamba."

Mfuniko ukafunguliwa. Harufu ilitoka kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni. Watu wa mbele wakarudi hatua, leso puani. Kathirvel akajifunga kitambaa, akachukua sinia, akashuka ngazi ya chuma.

"Sema na mimi," Maragatham akamwambia akiwa amepiga magoti ukingoni. "Usinyamaze hata kidogo."

"Niseme nini?"

"Lolote. Harufu ipo?"

"Ipo! Inachoma macho. Mama, ukinipikia mayai tena nahama nyumba."

Watu wakacheka. Maragatham hakucheka. Alikuwa anaisikiliza ile sauti kama anayesikiliza moyo wa mgonjwa.

"Ipo?"

"Ipo, ipo. Nimefika chini. Pampu hii hapa, maskini, chafu. Naifuta."

"Ipo?"

Halafu sauti ya furaha kabisa. "Ee, imekwisha. Ajabu. Sisikii kitu sasa. Unaona, mama, woga wako wa bure tu."

"Panda."

"Bado sijapaka—"

"Kathirvel, panda juu! Panda sasa hivi!"

Sinia la shaba likaanguka. Lilipiga pampu, likalia, likanyamaza. Hakuna kilichosikika tena mle shimoni.

"Vuteni!" Maragatham akasema. Wanaume sita wakarukia kamba wakavuta. Ilikuja kidogo, ikakaza, ikakwama. Alikuwa ameangukia nyuma ya pampu, bega limeshika kwenye kile chuma kinachoishikilia. Walivuta tena. Haikuja.

"Amenasa," akasema Elango. Tayari alikuwa amevua shati. "Nashuka nimnasue. Nipisheni."

Maragatham alimtazama usoni, na hakumwona Elango, alimwona Chellappan, macho yale yale, kifua kile kile alichokisukuma kwa viganja vyake. Akamrukia. Akamshika kwa mikono miwili mkanda wa suruali, akakaa chini kwa uzito wake wote.

"Hakuna anayeingia!"

"Mama mkubwa, niachie! Kathir anakufa!"

"Hakuna anayeingia! Hewa! Washeni hewa, leteni mpira hapa!"

Fundi umeme akamtazama meneja, na meneja akamtazama kuhani, muda wa kufumba na kufumbua tu. Halafu bwana Nachimuthu, aliyekuwa hajakanyaga tope maishani, akakimbia na shuka lake jeupe mpaka chumba cha swichi akawasha mwenyewe. Mashine ikanguruma katikati ya ibada. Wakaburuta mpira wa hewa, wakautia shimoni. Sita wakavuta kamba. Ikakaza. Wakavuta. Imekwama pale pale.

Na Elango anapigana. Anamvuta na kumburuta kwenye saruji, anamlilia, "Ni ndugu yangu, niachie, mama mkubwa, ni mwanao yule!" Kana kwamba Maragatham hajui ni wa nani. Akahesabu. Alikuwa ameshapita vidole vya mkono mmoja, ameshapita vya miwili. Kitu ndani yake kikasema: huyu ni mwepesi, ana nguvu, huenda akawahi. Huenda huyu akawahi. Na vidole vyake kwenye mkanda wa mtoto wa Rukmani vikafunguka.

Elango hakwenda. Alijitupa mbele akaanguka kifudifudi, mikono inakwaruza ukingo wa shimo, na hakwenda. Maragatham hakuelewa kwa nini.

"Legezeni halafu mvute upande!" mtu akapaza sauti. Wakalegeza, wakavuta upande, kamba ikaruka, ikaanza kuja, nzito, mkono kwa mkono. Kikatokea kichwa chenye nywele zilizolazwa kwa mafuta, uso wa rangi ya majivu, liwa limemmwagikia shati lote. Wakamlaza chini ya mpira wa hewa. Fundi umeme akampulizia mdomoni, na Maragatham akasimama kando ameziba masikio, sijui kwa nini masikio. Mara ya tisa au ya kumi Kathirvel akakohoa akatapika tope jeusi.

Hospitalini waliambiwa wangoje. Wakangoja kwenye benchi la ukumbini, yeye na Rukmani, tangu mchana. Elango alikuwa nje ya geti, hakutaka kumwona mama mkubwa wake. Saa kumi daktari akatoka akasema kijana ataishi, mapafu yameungua lakini ataishi, na kwamba angeingia mtu mwingine mle ndani leo wangezungumza habari nyingine.

Daktari alipoondoka Maragatham alianza kulia, na katikati ya kilio maneno yakatoka, ya miaka kumi na minne.

"Rukmani, siku ile ya akina Chellappan. Ni mimi. Ni mimi niliyemsukuma."

"Najua."

"Nilimsukuma kifuani, nikamwambia—"

"Dada, najua. Mtaa mzima unajua. Waliniambia kabla hata maiti haijaoshwa." Rukmani alikuwa anasokota ncha ya sari yake, anaisokotoa. "Nilikaa mwaka mzima nakutakia mabaya. Halafu mtoto wako akaugua tetekuwanga, wangu naye akaugua, tukakesha pamoja, nikachoka kukuchukia. Yaliisha."

Maragatham angeweza kuishia hapo. Mwenye akili angeishia hapo. Lakini alikuwa amebeba la zamani muda mrefu mno, na aliogopa kurudi nyumbani na jipya.

"Na leo," akasema. "Kamba ilipokwama. Nilimwachia."

Rukmani akaacha kusokota.

"Nilimwachia Elango. Niliona afadhali ajaribu. Sijui kwa nini hakuingia, Mungu alimshika, lakini mimi nilimwachia."

"Mungu hakuwepo pale chini," akasema Rukmani. Akapandisha ncha ya sari akaonyesha mikono yake. Ndani ya viwiko ngozi ilikuwa imechubuka yote, damu imekauka. "Nilikuwa nimemkumbatia miguu. Ulipomwachia nilihisi, alikuwa mzito ghafla. Nikasema, haya, amekwisha kumwachia."

Maragatham akaitazama ile mikono. Akataka kuanguka miguuni pake, Rukmani akamzuia kwa kiwiko hicho hicho.

"Kaa. Usinipigie magoti. Unataka kujua la kweli?" Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, wagonjwa wasisikie. "Angekuwa wangu mle ndani, wako nisingemshika hata mkanda. Ningemsukuma, kama ulivyomsukuma baba yake Elango. Nililala pale chini nimeshika miguu, nikawa nalifikiria hilo, nalo ndilo lililonitisha, si shimo."

Hakuwa anatania. Walikaa vile vile, bega kwa bega, kila mmoja akimwogopa mwenzake kidogo na kujiogopa mwenyewe zaidi, mpaka muuguzi alipokuja kuwaambia mgonjwa ameamka, lakini anayeruhusiwa kuingia ni mtu mmoja.